Maganda Thelathini na Moja ya Mzee Damasi

Bonga nzima, pembeni ya mji wa Babati, ilimwita Mzee Mabomu, na katika wote waliomwita hivyo hapakuwa na hata mmoja aliyejua bomu linafananaje. Jina lake ni Damasi Margwe, Mgorowa wa hapahapa, mwenye miaka sabini na sita. Alikuwa karani wa stoo wa idara ya ujenzi enzi zile ambapo karani aliijua kila bolti kwa kipimo chake, si kama vijana wa maduka ya vifaa wa leo wanaokuuliza, "Unataka ile kubwa au ile ya kati?" Shule aliishia darasa la nne. Mengine alijisomea mwenyewe kwa taa ya kandili, na kamusi kuukuu ya Kijerumani aliyopewa na padri mmoja aliyekuwa anahama aliimaliza kama mtu anavyomaliza kiporo, bila kuchagua.

Katika chumba cha mbele, mahali ambapo wenzake wameweka runinga na makochi yaliyofunikwa vitambaa, Damasi aliweka rafu mbili za mbao nene, na juu yake maganda thelathini na moja ya mizinga. Maganda, si mabomu. Tofauti hiyo aliwaeleza watu kwa miaka arobaini mpaka ulimi ukachoka. Mzinga ukipigwa, kichwa cha chuma kinaruka kwenda kuua huko kinakoenda. Ganda la shaba lililobeba baruti linabaki nyuma, tupu, linatupwa miguuni pa askari kama ganda la karanga. Mtoto mwenye akili angeelewa kwa kuambiwa mara moja. Lakini Babati ya siku hizi haina haja ya kuelewa. Ina haja ya kupiga picha.

Mwaka 1916 Makaburu wa jeshi la Mwingereza walishuka kutoka Arusha wakimfukuza Mjerumani kuelekea Kondoa, na mizinga ikakokotwa kwa ng'ombe na kwa mabega ya watu katika njia hii hii ambayo waendesha bodaboda wanaiita barabara ya Dodoma, wakidhani ilizaliwa siku ya lami. Babu yake Damasi, mzaa baba, alikamatwa akitoka kurina asali, akafanywa mpagazi, akabeba masanduku ya baruti kichwani hadi Kondoa na kurudi. Hakujua kusoma. Ila aliweza kukuambia mzinga gani ulilia kilima gani, na siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha. Watu wa namna hiyo wamekwisha. Waliobaki hawajui hata babu zao wamezikwa upande gani wa nyumba. Zamani hizo mtu akikuta porini kitu asichokijua, hakukibeba. Alikiwekea tawi bichi juu yake, akaenda kumtafuta mtu mzima anayekijua, hata kama ni mwendo wa kutwa. Leo mtu akikuta kitu asichokijua, anatafuta mnunuzi.

Damasi alikuwa na utaratibu wake, na hakuwahi kuuruka. Akipata habari ya ganda, alikwenda mwenyewe. Jambo la kwanza alitazama kiwashio, kile kidude cha mviringo kilicho katikati ya kitako. Kikiwa na kijishimo, pini iligonga, baruti iliwaka, ganda ni tupu. Kikiwa laini, unaondoka ulipo bila kupiga chafya. Akisharidhika, alibeba ganda nyumbani, akasugua kitako kwa majivu na ndimu, akaweka karatasi juu yake na kupitisha ncha ya penseli mpaka maandishi yakajitokeza. Namba 13 na herufi PR, pamoja na mshale mpana: hilo ni la Mwingereza, mzinga mdogo wa farasi. Taji na herufi M: hilo ni la Mjerumani, tena la jeshi lake la majini, lililotolewa kwenye meli iliyokufa pwani na kuletwa huku bara kupigana na makorongo. Kisha alipima kipenyo cha mdomo, akaandika kadi kwa mwandiko wa mlalo: mji lilipotengenezwa, mwezi, mwaka, mahali lilipookotwa, na jina la aliyeliokota. Kadi hizo zilikuwa safi kuliko vyeti vingi vilivyotundikwa ofisini.

Aliwahi kwenda kwenye ofisi zinazohusika kuomba apewe chumba kimoja tu mjini, maganda yakae humo watu wayaone. Kijana aliyempokea, ambaye shikamoo aliitoa huku anatazama simu, alimwambia alete andiko la mradi lenye walengwa na matokeo tarajiwa. Damasi akamuuliza kama anajua vita vilivyopigwa hapa. Kijana akasema yeye ni mgeni, ametokea mkoa mwingine. Kana kwamba vita hivyo vilikuwa uvumi wa kijijini.

Miaka miwili baadaye walikuja wenyewe, mtendaji na polisi mmoja, wakasimama mbele ya rafu bila hata kuvua kofia. Mtendaji alisema raia haruhusiwi kuweka vitu vya kijeshi nyumbani.

"Kwa heshima ya uzee wako, Baba Romani, tunafumba macho," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Lakini siku jina lako litakapofika tena mezani kwa habari ya mabomu, gari linakuja kuzoa vyote."

Tangu siku hiyo Damasi alikaa kimya kama mtu aliyeficha pombe. Hakualika mtu. Mkewe Dorothea, aliyekuwa akiyafuta vumbi maganda yale kila Jumamosi kwa miaka arobaini bila kuyapenda hata moja, alifurahi kupumzika kupokea wageni.

Sasa, katika mji huu kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta mali ya Mjerumani. Hawalimi, hawafugi, hawana duka. Wanaamini kwamba Mjerumani alipokimbia, badala ya kubeba chakula na dawa, alikaa chini akajaza rupia na zebaki nyekundu ndani ya vyuma, akavifukia kwa ajili yao. Wanapima zebaki kwa kitunguu saumu: wanakifunga kwenye uzi, wanakining'iniza juu ya kitu, na kikitikisika, mali ipo. Kwamba mkono wa mtu mwenye tamaa hutikisika wenyewe, hilo halijawahi kuwapitia akilini. Mkubwa wao ni Sadock, mtu wa kuja, aliyefika Babati kuuza viatu vya mtumba na akagundua kuwa ndoto zinauzika haraka zaidi.

Jumanne moja asubuhi, Sadock alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Damasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema shida yako ukiwa hapohapo."

"Shida iko kwenye picha, mzee wangu. Tazama mwenyewe."

Damasi akavaa miwani, akachukua simu. Kulikuwa na chuma chenye umbo la muhogo mnene, kutu mwili mzima, ncha yake imeliwa na udongo, na chini kikiwa kimevishwa mkanda wa shaba. Aliikuza picha kwa vidole viwili kama alivyoelekezwa. Mkanda ule ulikuwa na mikato mingi iliyolala upande, yote sawasawa. Damasi akairudisha simu polepole.

"Hili si ganda."

"Ndiyo, hata sisi tumeona halina mdomo. Limezibwa. Ndiyo sababu tunasema lina kitu ndani."

"Lina kipenyo gani?"

"Kipenyo hatujapima. Tumepima kwa kitunguu. Kimecheza, mzee, kimecheza mpaka uzi ukataka kukatika." Sadock akasogea karibu na kupunguza sauti. "Lipo Maisaka kwa Hilary, yule fundi wa kuchomelea. Umeme umekatika tangu alfajiri, ukirudi tu anapitisha grenda. Nimekuja kwako kwa sababu moja. Tukate wapi ili zebaki isimwagike? Nawe utakumbukwa."

Damasi alimtazama mtu yule jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

"Sikiliza, Sadock. Hicho ni kichwa. Hiyo mikato kwenye mkanda ni meno ya mzinga. Maana yake kilipigwa, kikaruka, kikaanguka, kikakataa kulipuka. Ndani kuna baruti, na kilipushi kiko tayari. Miaka mia na zaidi kimekaa kinamngoja mjinga, na sasa kimepata kamati nzima."

Sadock akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mzee, wewe unayo thelathini na moja humo ndani na unalala nayo usingizi. La kwetu ndilo limekuwa bomu? Sema unataka kiasi gani."

"Yangu ni maganda."

"Na hili ni ganda la chuma. Kila mtu anajua wewe hukuyaweka hayo kwa mapambo." Akarudi kwenye bodaboda. "Basi, tutakata katikati."

Damasi alipanda bodaboda nyingine kumfuata, ingawa alichukia kukaa nyuma ya kijana asiyemfahamu, akiwa amemkumbatia kama mtoto. Kibanda cha Hilary kipo Maisaka, kando ya barabara ya vumbi, na ukuta wake wa nyuma ni mabati tu. Upande wa pili wa mabati hayo kuna shule ya chekechea ya mtu binafsi, yenye madarasa mawili na bembea moja. Hilary alikuwa amekaa juu ya ndoo anakula mandazi. Kile chuma kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa juu ya meza, kimesuguliwa kwa msasa upande mmoja. Karibu na mlango, kwenye kigoda, alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa shuka na kushika fimbo. Huyo alikuwa Parsitau, mfugaji kutoka pande za Simanjiro, aliyekileta.

"Umekiokota wapi, ndugu yangu?" Damasi alimuuliza baada ya salamu.

"Kwenye korongo, tukichimba maji ya ng'ombe," Parsitau akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nyumbani kilikuwa kinakandamiza ngozi zisipeperuke. Watoto walikuwa wanakaa juu yake. Kingekuwa kinaua, si kingeshaua?"

"Nyoka aliyelala ukimkanyaga mara tisa, unasema hana meno?"

Parsitau alifikiri. Huyu walau alifikiri. Mtu aliyekaa na wanyama maisha yake yote anajua kwamba kimya si amani. Alitaka kusimama, lakini Sadock akamwekea mkono begani.

"Usimsikilize, mzee Parsitau. Huyu anataka tukitupe, halafu jioni aje akiokote."

"Babu, mimi nimekata mitungi ya gesi," Hilary akadakia, mdomo umejaa. "Nimekata tangi la petroli. Niko hapa, vidole kumi."

"Mtungi ulikuwa mtupu."

"Na wewe uliingia ndani ukaona?"

Wakacheka. Mpita njia mmoja aliyesimama kusikiliza naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Ndivyo kicheko kilivyo mjini. Zamani mtu alicheka akiwa na sababu.

Damasi akatoka, akazunguka nyuma ya mabati. Mwalimu wa chekechea, binti mpole aitwaye Devotha, alikuwa akigawa uji. Damasi alimweleza kwa maneno machache awatoe watoto. Devotha alimwamini, uso ulionyesha. Akasema itabidi ampigie mwenye shule amwombe ruhusa. Akapiga. Mwenye shule hakupokea. Akapiga tena, huku watoto kama arobaini wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki.

Damasi alisimama pale akiwa ameushika ukuta. Alijua sawasawa kilichobaki. Angeweza kurudi Bonga, akanywa chai na kungoja kishindo, na maganda yake yangebaki kwenye rafu mpaka siku yake ya kufa. Sadock angepata alichokitafuta, Hilary angepunguziwa vidole, na Babati isingepungukiwa na kitu. Angekwenda polisi, jina lake lingefika mezani. Gari lingekuja. Thelathini na moja, miaka arobaini, kilima kwa kilima. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu anayepima historia kwa kitunguu?

Kisha akawatazama wale wa kwenye mkeka. Hawa walikuwa bado hawajapata hata nafasi ya kuwa wajinga.

"Watoe, mwanangu," akamwambia Devotha. "Ruhusa nimekupa mimi." Akaenda kutafuta bodaboda ya kwenda kituo cha polisi.

Kwenye kaunta alikuwepo koplo mmoja, mnene, akijipepea kwa jalada kwa sababu feni haikuzunguka. Alimwomba namba ya kitambulisho cha taifa. Kisha akaliandika jina, akalisoma tena, akainua kichwa.

"Wewe si ndiye Mzee Mabomu?"

"Mimi ndiye."

"Uliambiwa nini mwaka juzi?"

"Niliambiwa gari litakuja."

"Sasa mbona umejileta mwenyewe?"

"Kwa sababu Hilary anangoja umeme."

Koplo akaweka kalamu chini. Akasema kila wiki wanaletewa habari za mabomu, na kila mara ni pampu ya trekta. Atajuaje kwamba hili ni bomu kweli?

"Nenda nyumbani kwangu," Damasi akasema. "Mke wangu atakufungulia. Yapo thelathini na moja, kila moja na kadi yake. Ukishaona jinsi ninavyoyajua yaliyo matupu, utaniamini ninapokwambia hili limejaa. Chukueni yote, sitazuia mlango. Lakini Maisaka muanze kwanza."

Feni iliyokuwa juu ya kichwa cha koplo ikaguna, ikaanza kuzunguka. Wote wawili wakaitazama. Koplo akavaa kofia.

"Twende."

Walipofika, Hilary alikuwa amekwisha kuanza. Katika mwili wa chuma kile kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, wenye kina cha ukucha. Kilichowaokoa hakikuwa polisi wala Damasi. Kisahani cha grenda, kile cha bei rahisi kinachouzwa kama biskuti, kilikuwa kimemeguka kabla ya kufika popote, na Sadock alikuwa dukani kununua kingine. Mtaa mzima uliokolewa na ubovu wa bidhaa. Watoto walikuwa wamekwisha vuka barabara. Devotha aliwasimamisha chini ya ukingo wa mfereji, amewafunga mkononi kwa kamba ya bembea, wote wametulia. Polisi walipotangaza kwamba kuna bomu na watu waondoke, watu wakaja. Walikuja na simu zao juu, kutoka kila upande, mpaka ikabidi wafukuzwe kwa virungu wasikikaribie kifo chao.

Kesho yake walifika wanajeshi kutoka Arusha, vijana wachache wasio na maneno mengi. Walikibeba kile kitu juu ya mchanga, mwendo wa kinyonga, wakakipeleka kwenye shimo la kifusi nje ya Bonga na kukilipua. Kishindo kilisikika hadi ziwani. Vioo vya kanisa moja vilipasuka, na mbwa wa Bonga hawakubweka mpaka jioni.

Mtu angefikiri kishindo kile kingewafunza. Mchana huohuo Sadock alikuwa stendi, amezungukwa.

"Walicholipua ni baruti yao wenyewe," aliwaambia. "Mali ilikwisha hamishiwa kwenye gari lingine. Na yule mzee mnadhani aliwaita bure? Subirini muone atakavyojenga."

Wakakubali. Hilary, ambaye alikuwa na vidole kumi vya kuhesabia bahati yake, alikubali wa kwanza. Parsitau peke yake ndiye aliyefika Bonga kabla ya kurudi kwao. Alisimama mlangoni, akasema, "Mzee, ulisema kweli," akatema mate kidogo kifuani kwa baraka na kuondoka bila kukaa. Elimu yake haikuwahi kuandikwa popote, na ndiye mtu aliyeelewa.

Lori la jeshi lilikuja Bonga saa kumi alasiri ya siku hiyohiyo. Dorothea aliwafungulia. Mtendaji naye alikuwepo, amevaa suti, anasimamia kama mtu anayevuna shamba lake. Majirani walijaa uani kutazama kama kweli kuna rupia zitakazodondoka. Vijana wa jeshi walibeba maganda mawilimawili, na Damasi alisimama kando ya rafu akiondoa kila kadi kabla ganda halijaguswa, akaziweka kwenye mfuko wa shati, kisha akazitoa tena akasema ziende na maganda. Sajini, kijana mwenye adabu, alisema kadi hazihitajiki. Alikuwa na fomu.

Kwenye fomu hiyo kulikuwa na mstari mmoja wa kujaza. Sajini alikuwa ameandika: *Vyuma chakavu, vipande 31.* Akampa Damasi kalamu aweke sahihi.

Damasi akaisoma fomu. Akaisoma tena, kama karani wa stoo.

"Hii siwezi kusaini. Mimi sijawahi kutunza vyuma chakavu."

"Mzee wangu, ni lugha ya fomu tu."

"Basi fomu haijui. Nipe karatasi."

Mtendaji akaguna kwamba watu wana kazi. Dorothea, ambaye hakuwa mtu wa kusema mbele ya wageni, akamwambia, "Baba Romani amewapa vitu vyake vyote. Mtamngoja aandike." Wakangoja. Injini ya lori ikazimwa.

Damasi akakaa mezani, akaandika kwa mwandiko wake wa mlalo, ganda kwa ganda: mji, mwezi, mwaka, kipenyo cha mdomo, korongo lilipookotwa, jina la aliyeliokota, na mwisho jina la mzinga kama babu yake alivyomtajia. Hakutazama kadi hata moja. Ilimchukua zaidi ya saa, na karatasi tatu pande zote mbili. Majirani walipoona hakuna rupia, waliondoka mmoja mmoja. Kisha akasaini chini ya orodha yake, na sajini, ambaye alikuwa amechoka lakini hakukosa heshima, akaipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Lori likawashwa. Huko nyuma maganda yakaanza kugongana kwa kelele. Damasi alikuwa amesimama mlangoni alipomwona sajini akishuka, akizunguka nyuma, akizikunja zile karatasi tatu mara nne, na kuzichomeka katikati ya maganda mawili ili yasipige makelele njiani.